Viti Kumi na Viwili vya Darasa la Mifupa

Nilipokuwa na miaka kumi na sita nilijua hesabu kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye chumba kimoja, na sisemi hivyo kujisifu. Nasema kwa sababu ndiko mkasa wote ulikoanzia. Mtu asiyejua hesabu asingeweza kuharibu mambo kiasi kile. Angeharibu kidogo tu, kwa kadiri ya uwezo wake.

Jina langu ni Linnea Tolstad. Kwetu ni mashambani Nebraska, wazazi wangu wanafuga ng'ombe wa nyama, na shuleni kwetu darasa zima lilikuwa na watu kumi na mmoja pamoja na mimi. Tangu nina miaka kumi na minne, kila Julai nilikwenda Weldon. Weldon ni chuo kidogo cha watu wazima, ila kiangazi wenyewe wakienda makwao, mabweni yao walipewa vijana mia moja na arobaini waliofaulu mtihani fulani mgumu, wakae wiki tatu wasome wanavyotaka. Magazeti yalituita vijana wenye vipaji. Sisi tulijiita watu wa Weldon, na tusidanganyane, tulikuwa tunajisikia.

Asubuhi kila mtu alikwenda kwenye somo alilopangiwa kufuatana na alama zake. Mchana ndio uliokuwa wetu. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi na moja kulikuwa na madarasa ya ziada, na hayo tulijichagulia wenyewe, moja kila mtu, kwa wiki zote tatu. Ukipata zuri, ulirudi nyumbani umekuwa mtu mwingine. Ukipata baya, ulirudi kama mimi mwaka uliotangulia, najua habari za stempu na barua kuliko karani yeyote wa posta, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Darasa nililolitaka lilikuwa Mifupa. Watu karibu wote walilitaka. Lilifundishwa na Daktari Quarterman, mama mwembamba mwenye nywele za kukatwa kama askari, ambaye polisi wa majimbo matatu walimpelekea mifupa iliyofukuliwa huku na kule ili awaambie ni ya mtu au ya mnyama, ya mwanamke au ya mwanamume, ya mwaka jana au ya karne iliyopita. Viti vilikuwa kumi na viwili tu, kwa sababu alikuwa na masanduku kumi na mawili ya mifupa na hakutaka watu wagombanie paja moja. Mwaka ule ulikuwa wangu wa mwisho. Ukitimiza miaka kumi na saba Weldon hawakutaki tena.

Uchaguzi ulianza Jumapili mchana kwa kitu tulichokiita Mnada, ingawa hakuna kilichouzwa. Walimu walijipanga kwenye uwanja wa ndani wa mpira wa kikapu, kila mmoja na meza yake, na kila mmoja alipewa dakika moja ya kulisifia darasa lake. Ikiisha, mkurugenzi wetu Bwana Abernathy alipuliza filimbi, hata kama mwalimu yuko katikati ya neno. Wa mikate aligawa mikate. Wa Mafundo, yaani hesabu za kamba na vitanzi, alijifunga mikono akajifungua. Daktari Quarterman yeye hakujihangaisha. Aliweka vifupa viwili mezani, akasema kimoja ni cha mkono wa mtu na kingine ni cha dubu, na kwamba ukikosea hapo polisi watachimba shamba la mtu bure mwezi mzima. Kisha dakika yake iliyobaki yote akawa anatuangalia tu.

Mimi nimekulia kwenye mifupa. Nimeokota mbavu za ng'ombe tangu sijajua kusoma. Nikavitazama vile vifupa viwili, na sikujua. Sikumbuki mara nyingine yoyote katika umri ule niliposema sijui, hata moyoni. Nilitaka kile kiti kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Basi utaratibu ulikuwa hivi. Kila mtu alipewa fomu yenye mistari mitatu, aandike darasa la kwanza, la pili na la tatu, aitumbukize kwenye sanduku kabla ya saa kumi na moja jioni. Waliopewa viti kwanza ni wale walioliandika darasa namba moja. Wakizidi, inapigwa kura. Ukikosa, unakwenda kwenye darasa lako la pili kama limebakiwa na nafasi, na halikubakiwa kamwe, maana wenzako walioliandika namba moja walishalijaza. Ndivyo nilivyotupwa kwenye stempu.

Nikakaa sakafuni bwenini na kalamu za rangi, nikachora chati. Mwaka uliopita watu tisini na saba waliandika Mifupa namba moja, kumi na wawili wakapata, themanini na watano wakaishia kwenye makombo. Kupata ni mtu mmoja kati ya wanane. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: namba moja andika darasa unalolipenda la pili. Nikaibandika kwenye mlango wa bafu, ambako hakuna msichana wa ghorofa yetu asiyepita. Saa kumi tulirudishiwa simu zetu kwa saa moja kama kila Jumapili, na kabla sijamaliza maziwa yangu picha ya chati ilikuwa imeshafika bweni la wavulana.

Kila tarakimu pale ilikuwa ya kweli. Hata ushauri ulikuwa mzuri, na nikiulizwa leo kama ulikuwa mzuri nitasema ndiyo. Kilichokosekana ni mstari mmoja tu, kwamba aliyeichora chati hatakuwa akiifuata.

Mlango haukuniuliza kama nitaifuata. Aliyeniuliza ni Odalys Figueredo, msichana niliyepangiwa naye chumba. Alitoka Grand Island, ambako baba yake alikuwa akikata nyama kiwandani, na alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kikubwa. Kwenye Mnada alikuwa amekishika kile kifupa kimoja mpaka Bwana Abernathy akampulizia filimbi mara mbili. Saa kumi na nusu alikuwa amekaa kitandani, fomu magotini, neno Mifupa limeshaandikwa mstari wa kwanza.

“Hivi mmoja kwa wanane ni mbaya sana?” akaniuliza.

“Mbaya.”

“Wewe unaandika nini?”

“Nafuata chati,” nikasema. “Naandika Mafundo.”

Alifikiri kidogo, akachukua raba, akafuta, akaandika Mafundo. Nilimwangalia akifuta. Nilijiambia ana miaka kumi na mitano, ana mwaka ujao, na mimi sina. Kisha nikaingia bafuni, nikajifungia, nikaandika Mifupa mstari wa kwanza, na ile mingine miwili nikaiacha tupu. Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Niliimba nikinawa mikono.

Jumatatu asubuhi matokeo yalibandikwa nje ya bwalo. Kulikuwa na msongamano na manung'uniko, na nilipenya katikati kwa viwiko. Nikaliona jina langu chini ya Mifupa, na kwa muda kama wa kupumua mara mbili nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Nebraska. Halafu nikaona kwamba majina yalikuwa manne.

Manne tu. Langu, na ya wavulana watatu wa chumba kimoja waliosifika kwa kutosoma kitu chochote kilichobandikwa ukutani isipokuwa orodha ya chakula. Chini yake Bwana Abernathy alipiga mstari mwekundu na kuandika kwamba darasa lenye watu chini ya sita litafutwa, na kwamba mwisho wa kubadilisha ni saa sita mchana. Mafundo walikuwa wamejaa na kufurika. Mikate ilikuwa imefurika. Waliofurika walikuwa wamemwagwa kwenye stempu, kwa kuwa waliamini Mifupa itajaa na hawakuiandika hata mstari wa pili, wengine wakiwa na picha ya chati yangu kwenye simu. Vijana mia moja na arobaini wenye akili kupindukia walikuwa wamepishana mlangoni, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi, na chumba kikabaki kitupu. Kosa kama lile wajinga hawawezi kulifanya. Wao wangeandika wanachokitaka, wakapiga kura, wakaenda zao.

Ujanja mwingi mbele giza. Lakini sikuwa mtu wa kukata tamaa, na hesabu ilikuwa rahisi: sita toa wanne ni wawili. Nilihitaji watu wawili, na muda nilikuwa nao, maana masomo ya asubuhi yangeanza Jumanne. Nikaenda kumtafuta Odalys, kwa sababu nilijua anataka, na kwa sababu, nikiri, nilitaka kumfanyia wema ili jambo la jana lifutike lenyewe.

Nilimkuta kwenye chumba cha kufulia, anatoa nguo zake kwenye mashine. Nikamweleza kwamba Mifupa imepungukiwa na watu wawili, kwamba kiti chake cha Mafundo kitachukuliwa mara moja na mtu wa stempu, na kwamba akija yeye mimi nitamtafuta mmoja na tumemaliza. Alikuwa anakunja soksi. Hakuinua macho.

“Na wewe?” akasema. “Si uko Mafundo wewe?”

“Mimi nimo humo humo kwenye Mifupa.”

“Umo kwa vipi?”

Nikaokota soksi yake iliyoanguka, nikamtilia kikapuni.

“Linnea. Namba moja uliandika nini?”

“Mifupa.”

Akaweka soksi chini. Nilitegemea atapiga kelele, nikajiandaa kwa kelele, lakini Odalys hakuwa mtu wa kelele.

“Kumbe,” akasema. “Nimefuta mpaka karatasi ikatoboka, na wewe umekaa hapo unaniangalia.”

“Wewe una mwaka ujao, bwana. Mimi sina.”

“Nani amekwambia nina mwaka ujao?”

Ndipo aliponieleza kwamba nafasi yake Weldon ililipiwa na kanisa lao, na kanisa humpeleka mtoto mmoja kila mwaka, na mwaka ujao ilikuwa zamu ya mtoto wa jirani, ambaye alikuwa ameshaambiwa na ameshafurahi. Tulikuwa tumekaa chumba kimoja tangu Ijumaa. Nilikuwa nimeshamwambia habari zangu zote, za ng'ombe, za alama zangu, za walimu walionikubali na mmoja asiyenikubali. Sikuwa nimemuuliza yeye swali hata moja.

Nikamwomba msamaha. Nilikuwa sijazoea, nikaomba vibaya, kwa haraka, kama mtu anayelipa nauli. Aliusikiliza wote.

“Sawa,” akasema. “Na Mifupa nitakuja, naitaka. Lakini mimi siingii kwa mlango wa uani. Waambie wote.”

“Nikiwaambia wote watajaa. Nitakosa mimi.”

“Ndiyo,” akasema. “Kama sisi.”

Akabeba kikapu chake akaondoka, na mimi hasira zikanipanda. Nilijisemea kwamba nisingepoteza muda na mtu mkaidi. Ghorofa ya juu walikuwapo mapacha wa kina Ostrander, wote wawili wamemwagwa kwenye stempu, wote wawili wapole. Ningebisha hodi, ningesema neno moja, wangeshuka mbio kwenda kubadilisha, na wanne na wawili ni sita. Darasa limepona, kiti changu kimepona, na hakuna ambaye angejua kitu, maana kwenye orodha ningedhaniwa nimemwagwa tu kutoka darasa lililofurika, isipokuwa Odalys, ambaye kwa tabia yake asingesema. Hesabu ilitoka sawasawa bila kubaki kitu.

Nilifika mpaka mlangoni kwao. Niliwasikia ndani, mmoja akimwambia mwenzake kwamba posta labda si mbaya, labda watawapeleka kuona mashine za kupanga barua. Walikuwa wanafarijiana. Karibu na mlango kuna dirisha, na nilipotazama chini nikamwona Daktari Quarterman kwenye maegesho, anarudisha masanduku yake kwenye gari lake, moja moja, taratibu, bila kumlalamikia mtu. Mkono wangu ulikuwa umeshainuliwa kugonga. Niliona aibu. Sisemi nilitafakari, wala nilipima. Niliona aibu tu, masikio yakawaka moto, na nikashuka ngazi.

Jumatatu chakula cha mchana kilikuwa saa tano na robo. Nikasimama juu ya kiti katikati ya bwalo. Watu wa Weldon walizoea kunisikia nikitangaza mambo, kwa hiyo walinyamaza upesi. Nikawaambia kwamba Mifupa ina watu wanne na itafutwa saa sita. Nikawaambia kwamba chati ilikuwa yangu, jambo walilolijua, na kwamba sikuifuata mwenyewe, jambo ambalo hawakulijua, na kwamba niliichora ili wengine wakae mbali. Hilo la mwisho nilikuwa sijawahi kujiambia hata mimi kwa maneno mazima, nikalisikia kwa mara ya kwanza pamoja nao.

Walinizomea. Mtu alinirushia kipande cha viazi, kikanipata begani, nikakiacha. Kisha akasimama Sharvari Deshmukh wa Omaha, ambaye aliwahi kunishinda mtihani kwa alama mbili na hakupitisha wiki bila kunikumbusha.

“Bi Takwimu,” akasema, na watu wakaanza kucheka kabla hajamaliza. “Umehesabu watu wa mwaka jana. Wale wa mwaka jana hawakuwa wamesoma chati yako.”

“Najua.”

“Unajua leo. Jana hukujua. Ulitaka kutuhadaa, halafu hukujua hata kutuhadaa.”

Ndilo lililoniuma kuliko viazi, kwa sababu lilikuwa sahihi. Mtu wa pembeni akamuuliza Sharvari yeye mwenyewe aliandika nini, naye akasema kwa uchungu kwamba aliifuata chati kama kondoo na wasimcheke, na bwalo zima likacheka vizuri zaidi.

Bwana Abernathy alikuja na saladi yake mkononi. Alikuwa mtu wa kupenda kanuni kama wengine wanavyopenda mpira. Akauliza ni wangapi wangeandika Mifupa namba moja kama chati isingekuwapo. Ikainuka mikono arobaini na mitatu, pamoja na mkono wa Odalys, wa Sharvari, na minne ya mapacha, maana kila pacha aliinua miwili mpaka wakaambiwa washushe. Akasema kanuni inaruhusu kubadilisha mpaka saa sita na haisemi watu wangapi, kwa hiyo itapigwa kura pale pale, na atakayekosa atapewa kiti kitakachoachwa na aliyepata. Wale wavulana watatu waliandika wakitakacho bila hila, viti vyao visiguswe. Akamtuma mtu akamwambie Daktari Quarterman asiondoke.

“Na kiti chake yeye?” akauliza Sharvari, akininyooshea uma.

Bwana Abernathy akasema kwamba kwa kanuni nami nilikuwa na kiti. Akanitazama. Odalys naye alikuwa ananitazama, kutoka meza ya dirishani, na hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Aliniachia mwenyewe.

Nikachana karatasi, nikaandika jina langu, nikalitia kwenye bakuli kubwa la saladi walilolifuta kwa ajili ya kura. Viti tisa, watu arobaini na wawili. Ni karibu mmoja kwa watano, nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie, nafuu kuliko mwaka jana. Watu wengine walipiga makofi, na mimi, nisiwafiche, nilipanda kichwa. Nilikuwa nimesema kweli, nilikuwa nimetoa kiti changu, na sasa nilikuwa na hakika kabisa kwamba kitarudi. Sikuwa na sababu yoyote ya kihesabu. Niliamini tu kwamba mambo ya namna hiyo huisha hivyo.

“Wewe uliyetuingiza ndiwe utakayetutoa,” akasema Bwana Abernathy. “Vuta, soma.”

Akageuka kwenye ubao wa orodha ya chakula, akaufuta, akakaa tayari na chaki. Mimi nikawa navuta, nasoma, naweka kikaratasi mezani kikiwa kimefunikwa, naye anaandika. Watu walikuwa wameutolea macho ubao. Wa kwanza alikuwa mvulana wa Wyoming, akarukaruka. Wa pili na wa tatu walikuwa wasichana wa ghorofa yetu. Wa nne alikuwa pacha mmoja, na yule mwingine akamkumbatia huku analia. Wa tano nilipofungua nikaona Odalys Figueredo, na sauti yangu ikapanda yenyewe. Alifunika uso kwa mikono miwili. Nilifurahi, na sikuwa nimepiga hesabu yoyote ya kufurahi.

Wa sita. Wa saba. Wa nane. Daktari Quarterman alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni na sanduku moja kwapani.

Kwa kiti cha tisa nilikoroga bakuli muda mrefu. Vidole vyangu vilipita kwenye vikaratasi vyote mpaka chini, na nilipokipata kimoja nilikijua, nilijua kabisa kwamba ndicho changu, kwa jinsi kilivyokunjwa. Nikakifungua.

Sharvari Deshmukh.

Bwana Abernathy alikuwa amenipa mgongo, chaki juu. Hakuna aliyekuwa akiviangalia vikaratasi. Jina langu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, lote, la kwanza na la ukoo, na lingetoka bila kukwama, kwa sababu ndivyo kila mtu pale alivyokuwa ameanza kulitegemea, hata wale walionizomea. Niliinua macho nione kama Sharvari ananichunga. Hakuwa akinichunga. Alikuwa amefumba macho, mikono ameibana katikati ya magoti, midomo inacheza kidogo. Alikuwa na miaka kumi na sita kama mimi. Katika miaka mitatu niliyogombana naye haikuwahi kunijia kwamba na yeye ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

“Sharvari Deshmukh,” nikasema.

Alifumbua macho. Hakuruka wala hakucheka. Alikuja mpaka mbele, akanyoosha mkono, nikampa kile kikaratasi, akakisoma mwenyewe. Akautazama ubao, akautazama mgongo wa Bwana Abernathy aliyekuwa bado anaandika herufi za jina lake, halafu akanitazama mimi.

“Ungeweza kusema lako,” akasema polepole, mimi tu nisikie.

“Ningeweza.”

“Mimi ningesema langu.”

Akakikunja, akakitia mfukoni, akaenda mlangoni kumpokea Daktari Quarterman lile sanduku. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikalia kwa kwikwi mpaka kengele ya saa nane. Kisha nikanawa uso, nikaenda kuuliza ni kiti gani kimebaki.